Ziada ya Bi Sikudhani

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Siogopi, hasha. Ni kwamba wananchi wake wenyewe wameombwa wasilitumie ovyo, lisije likachakaa kabla ya sherehe za uhuru. Ni nchi ya watu wapole. Barabara zake zina mashimo, lakini kila shimo limewekewa kibao cha kuomba radhi. Hospitali zake hazina dawa, lakini zina mabenchi mazuri ya kusubiria. Na sheria zake zimeandikwa na watu wenye huruma, maana hakuna hata moja inayomnyang'anya mtu chake bila kumshukuru kwanza.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, mtaa wa Kisimani, aliishi Bi Sikudhani, mjane, fundi cherehani wa sare za shule. Aliishi na mama yake mzazi, Bi Zamoyoni, ajuza mwenye meno machache na maneno mengi. Nyumba yao ilikuwa na vyumba vitatu na sakafu nyekundu, imejengwa na marehemu mume wa Bi Sikudhani, tofali leo, tofali mwezi ujao. Bi Zamoyoni alikuwa ameshachagua chumba cha kufia, na ndani ya chumba amechagua pembe.

"Kitanda changu kisihamishwe hapa," alikuwa akimwambia bintiye. "Kichwa dirishani. Malaika akija asihangaike kuuliza njia."

Nyumba hiyo iliuzwa kwa sababu ya kodi ya majengo. Msinielewe vibaya: Bi Sikudhani hakukataa kulipa. Kila mwaka alikwenda Halmashauri na pesa kazifunga kwenye pindo la khanga, na kila mwaka kijana wa dirishani alimwambia, "Mama, mtandao haupo, jaribu kesho." Kesho akijaribu, mtandao haupo. Mwaka wa kwanza akaelewa, wa pili akaelewa. Mwaka wa tatu mtandao ukarudi, na kitu cha kwanza ulichokiona uliporudi ni kwamba Bi Sikudhani hajalipa.

Deni lenyewe lilikuwa bei ya mbuzi mmoja, tena aliyekonda. Faini ikamnenepesha mbuzi, riba ikamzalisha, na barua ya Halmashauri ilipofika ilikuwa ikidai zizi zima.

Siku ya mnada dalali alikuja na kipaza sauti, akaomba radhi kwa usumbufu. Makarani wawili wakambeba Bi Zamoyoni na kiti chake hadi barabarani. "Nyanyueni vizuri," aliwakaripia, "kwani mama zenu hawakuwalisha?" Nyumba ikanunuliwa na bwana mmoja mwenye miwani ya jua. Dalali akakata deni, akakata faini, akakata riba na gharama za kukata, kisha akapaza sauti kwa furaha ya kweli: "Mama, hongera! Zimebaki milioni ishirini na nane! Una ziada!"

Watu wakapiga makofi. Majirani wakampa Bi Sikudhani mkono, na mmoja akamwomba amkopeshe palepale. Naye amesimama na cherehani kichwani, hajui alie au ashukuru. Kwa kuwa alilelewa vizuri, akashukuru. Karani akaandika: mhusika ameridhika.

Sheria ya ziada ni nzuri mno, sijaona mfano wake. Inasema serikali si mwizi. Nyumba ya mtu ikiuzwa, serikali inachukua chake, na kinachobaki ni cha mwenyewe, aende akakidai. Bi Sikudhani aliposikia hivyo alipata nguvu. Alimfahamu seremala mmoja, Bwana Machumu, aliyetaka kuhamia kwa wanawe bara, na alikuwa akiuza vyumba vyake viwili vya bati kwa pesa inayoingia kwenye ile milioni ishirini na nane na chenji ikabaki.

"Nakusubiri, Bi Siku," Bwana Machumu alimwambia. "Lakini mvua za masika zikianza, mimi naondoka. Nyumba namwachia yeyote atakayekuwa na pesa mkononi."

Basi mama na binti wakahamia kwa muda kwenye baraza ya shemeji, Bwana Kitwana, mdogo wake marehemu. Bi Zamoyoni alitandikiwa mkeka, akaukagua, akakaa.

"Nakwambia mapema," alisema. "Mimi sifii barazani kwa mtu. Nitafutie kwangu."

Na maneno hayo yakamkaa Bi Sikudhani kifuani kama mwiba wa samaki. Tangu siku hiyo hakutulia.

*

Ofisi ya kudai ziada inaitwa Idara ya Ziada, Mabaki na Shukrani. Imo katika ghorofa zuri ambalo nalo liliuzwa kwa kodi ya majengo. Mwenyewe bado huja kila wiki kudai ziada yake, na huzuiwa getini na mlinzi ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemwajiri.

Bi Sikudhani alipokelewa na mkuu wa Idara, Bwana Mtengeti, mtu wa shati lililonyooka na sauti ya kubembeleza.

"Mama yangu, karibu sana. Fedha zako zipo. Nimeziona kwa macho yangu."

"Alhamdulillahi. Ziko wapi, mwanangu?"

"Zipo."

"Naweza kuzichukua leo?"

Bwana Mtengeti alicheka kwa upole, kama mtu anayechekea mtoto aliyeomba mwezi. "Leo! Mama yangu, hizi ni fedha za umma."

"Si umesema ni zangu?"

"Zikifika kwako ni zako. Zikiwa njiani ni za umma. Tuanze na uthibitisho. Niletee barua ya mjumbe wa mtaa, aseme kwamba unaishi kwenye hiyo nyumba."

"Imeuzwa, baba. Ndiyo maana nimekuja."

"Naelewa, na pole. Niletee barua."

Mjumbe wa Kisimani alikataa katakata. "Nitaandikaje kwamba unaishi hapa, na mimi mwenyewe nilikusaidia kubeba kabati?" Bi Sikudhani akarudi Idarani, akaambiwa basi alete barua ya mjumbe wa anakoishi sasa. Mjumbe wa kule akasema hawezi kumtambua mtu wa barazani, mtu wa barazani ni mpita njia aliyekaa. Wakampiga danadana wiki baada ya wiki, leo huku, kesho kule, hadi soli za kandambili zikatoboka akawa anahisi joto la lami.

Aliyemwokoa ni yule mnunuzi mwenye miwani ya jua. Bi Zamoyoni alikwisha kumpitia siku moja, akamwonyesha kwa fimbo ile pembe yake ya kufia, akamwomba aitunze. Tangu hapo yule bwana hakupata usingizi mle chumbani. Akaandika barua bila kuomba hata soda: kwamba wanawake wale wawili walikuwa wenye nyumba, na kwamba, kwa namna anavyojisikia yeye, bado wamo.

Bwana Mtengeti aliisoma barua, akaubusu mhuri wa wakili uliokuwa chini yake. "Safi kabisa! Sasa faili lako liko tayari kukaliwa kikao."

*

Hapa lazima nieleze desturi ya nchi ile, maana mgeni anaweza kudhani ni uzembe, kumbe ni ustaarabu. Kule hakuna jambo linalofanyika bila kikao. Hata nyumba ikishika moto, zimamoto huketi kwanza wakakubaliana kwamba ni moto. Na kikao kina posho. Ipo posho ya kukaa, ipo ya kuja, na ipo ya wale wasiofika, ili wasijisikie wametengwa. Posho hizo hazichotwi kwenye kodi za wananchi, Mungu apishe mbali, serikali ile ina uchungu na kodi za wananchi. Huchotwa kwenye jambo lenyewe linalojadiliwa. Wanaita "faili lijilishe".

Bi Sikudhani hakujua hayo. Alialikwa kwenye Kamati ya Kuhakiki Ziada, akavaa khanga yake ya doti mpya, akakaa kwenye kiti cha ofisi kinachozunguka. Mezani kulikuwa na sambusa, korosho, kuku wa kukaanga na chupa za maji nyingi kuliko watu. Wajumbe walijadili kwa kirefu kama neno "ziada" lianze kwa herufi kubwa. Mwishoni akapewa bahasha, akatia sahihi, akafurahi.

"Hii ni nini, mwanangu?" alimwuliza mtunza hazina, kijana aliyekaa na sanduku la chuma mapajani.

"Posho yako, mama."

"Mungu akubariki. Imetoka wapi?"

"Kwenye ziada yako."

Bi Sikudhani akaitazama bahasha. "Na ya yule mzee aliyelala tangu asubuhi?"

"Nayo."

"Na kuku?"

"Mama yangu," alisema kijana kwa heshima, "vyote."

Alitoka pale jasho linamtiririka. Alikuwa ameona kwa macho yake watu wazima, wenye tai, wakimtafunia vyumba viwili vya bati, na yeye mwenyewe amekula paja. Kukaa hakai, kusimama hasimami. Akishona, mkono wa shati unatoka mrefu kuliko suruali. Watoto wa shule ya Kisimani walipita mwezi mzima na mifuko ya mashati imeshonwa mgongoni, na mwalimu mkuu akaacha kumpa kazi.

Kikao cha pili alikwenda na mama yake, na kikapu. Mlinzi akasema chakula cha kikao hakitoki nje, hivyo ilibidi kiliwe palepale.

"Kula, mama," alimnong'oneza. "Hiyo ni bawaba ya mlango."

Bi Zamoyoni akatafuna taratibu upande wenye meno. "Ina pilipili kidogo. Na hili paja?"

"Dirisha la uani."

"Nipe na la mbele."

Wajumbe walivutiwa sana na yule bibi. Mwenyekiti alisema kwa miaka yote hajapata kuona mwananchi anayeshiriki mchakato kwa moyo namna hii. Akaongezewa sahani, nayo ikaandikwa. Lakini tumbo la kizee lina mpaka, na kamati ilikuwa na matumbo mengi yaliyozoea. Bi Sikudhani alipoona mama yake ameshindwa, ameegemea kiti na mkono umeshika mfupa, uvumilivu ukamwisha. Akasimama katikati ya kikao.

"Wazee wangu, nawaomba kwa jina la aliyewaumba. Msikutane tena kwa ajili yangu. Nipeni kilichobaki niende zangu."

Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, macho yake yana machozi ya kuguswa.

"Waheshimiwa, hii ni hoja nzito. Mwananchi anaomba vikao vipunguzwe. Jambo kama hili haliwezi kuamuliwa hapa kijuujuu."

Wakaenda kulijadili kwenye hoteli ya mji wa baridi kule milimani, warsha ya wiki nzima, na wake zao kama waangalizi. Wakarudi na mapendekezo kwamba vikao vipunguzwe, na iundwe kamati ya kusimamia upunguzaji.

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Bwana Machumu alikuwa akifunga misumeno yake kwenye magunia, na kila Bi Sikudhani alipopita alimwangalia, akatikisa kichwa, akaendelea kufunga. Naye Bi Sikudhani alipita pale asubuhi, adhuhuri na alasiri, bila sababu, kuhakikisha tu kwamba vyumba bado vipo.

*

Siku moja Bwana Mtengeti alimtuma tarishi na pikipiki: njoo haraka, ziada imepitishwa! Bi Sikudhani alikimbia, khanga inamponyoka, akafika anahema.

"Hongera, mama yangu. Mambo yote yamekamilika. Kilichobaki ni hafla ya makabidhiano."

"Hafla ya nini tena? Nipe hapohapo dirishani, mwanangu. Wingu unaliona."

"Dirishani!" Bwana Mtengeti alishika kifua. "Serikali ikitenda wema dirishani, nani atauona? Mheshimiwa Naibu Waziri anakuja mwenyewe."

"Na hafla inalipiwa na nani?"

Bwana Mtengeti alimtazama kwa mapenzi makubwa.

Hafla ilifanyika kwenye uwanja wa mpira. Mahema yalisimamishwa, viti vikavishwa nguo nyeupe na kufungwa utepe. Kwaya ya Idara ilishonewa vitenge vipya vyenye picha ya Naibu Waziri kifuani na mgongoni, ili hata mtu akigeuka asikose kumwona. Palikuwa na matarumbeta, sarakasi, na mtu wa kurusha njiwa. Bi Zamoyoni aliwekwa mstari wa mbele, kavalishwa kofia na fulana iliyoandikwa ZIADA NI YAKO. Bi Sikudhani alizunguka nyuma ya mahema akihesabu nguzo. Kila nguzo aliiona ni bati limeng'olewa, na kila mpiga tarumbeta akivuta pumzi alihisi anavuta yake.

Naibu Waziri, Mheshimiwa Daktari wa Heshima Ndulamoyo, alitarajiwa asubuhi, akafika alasiri kwa msafara wa magari yaliyowasha taa mchana. Mshereheshaji akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, kisha akaanza kuizingatia, akimtaja mmoja mmoja hadi dereva wa gari la maji. Ndipo Mheshimiwa akasimama.

"Ndugu wananchi! Zamani za giza, mtu akiuziwa nyumba aliachwa mikono mitupu. Leo akiuziwa nyumba anaachwa na ziada! Kama haya si maendeleo, maendeleo ni kitu gani?"

Makofi.

"Tazameni mama huyu. Alikuwa na nyumba tu, nyumba ya kawaida, haijulikani na mtu. Leo yuko mbele ya kamera! Nawaomba na wengine msiogope kuuziwa nyumba. Jitokezeni!"

Makofi, vigelegele, tarumbeta. Njiwa wakarushwa, wakaona wingu, wakarudi kwenye tenga.

Kisha ikaletwa hundi. Ililetwa na vijana wanne. Ilikuwa ubao mzima wa plaiwudi, umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa, na juu yake imeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno: milioni ishirini na nane tu. Chini kulikuwa na sahihi ya Mheshimiwa, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Bi Sikudhani aliushika ubao ule kwa mikono miwili. Najua nyinyi wasomaji ni wajanja na mmeshacheka, lakini yeye alifurahi. Kwa dakika ile moja alifurahi kabisa, akaona sakafu, akaona kitanda, kichwa dirishani. Wapiga picha wakamwambia atabasamu, naye alikuwa ameshatabasamu.

Msafara ulipoondoka, alimshika Bwana Mtengeti mkono wa shati.

"Hii ni ya picha, nimeelewa. Nipe sasa ile ndogo ya benki."

Bwana Mtengeti akatoa karatasi, akamsomea taratibu ili asichoke: vikao, warsha, mahema, viti, nguo za viti, vitenge, mafuta ya msafara, sarakasi, njiwa na mtu wao, plaiwudi, rangi, fundi wa kuandika.

"Kwa hiyo zimebaki ngapi?"

"Hesabu imelingana, mama yangu! Imelingana kabisa. Kwa kweli ulipungukiwa kidogo, ungekuwa na deni, lakini Mheshimiwa amekusamehe kutoka moyoni. Nilitaka aliseme jukwaani, akasahau."

"Na huu ubao?"

"Wako. Huo ni halali yako, umeshaulipia. Milimita kumi na mbili, nilisimamia mwenyewe, wangekuletea za tisa."

Bi Sikudhani alilia. Alilia kwa sauti, palepale uwanjani, kati ya viti vinavyovuliwa nguo. Alilia kwa hasira zaidi ya huzuni, na hasira ilikuwa juu yake mwenyewe, aliyeshukuru siku ya mnada.

"Mama yangu atafia wapi?" alimwuliza. "Nakuuliza wewe, mtoto wa mwanamke mwenzangu. Nikamlaze wapi mama yangu?"

Bwana Mtengeti si mtu mbaya. Alitazama chini, akaahidi kwamba swali hilo atalifikisha kwenye kikao.

*

Hafla ilionyeshwa kwenye taarifa ya habari, nchi nzima ikaona. Walipofika kwa shemeji Kitwana, walikuta mkeka umekunjwa na kuegemezwa ukutani.

"Karibuni matajiri," alisema shemeji. Hakuwa na kinyongo, alikuwa na madai. "Nimewaona. Milioni ishirini na nane, na mimi nimekaa na ninyi tangu kiangazi bila senti."

"Shemeji, ni ubao. Huu hapa, ugonge usikie."

"Nimeona kwa macho yangu, Naibu Waziri anakukabidhi. Unataka kuniambia Naibu Waziri ni mwongo?"

Swali hilo halina jibu salama katika nchi ile. Shemeji alizuia cherehani kama rehani ya pango la baraza. Kwa Bwana Machumu nako mlango ulikuwa na kufuli jipya. Tone la kwanza la masika lilidondoka wakiwa bado barabarani.

Wakarudi uwanjani, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Watu wa mahema walikuwa wamesahau nguzo nne fupi zilizochimbiwa kando ya goli. Bi Sikudhani akapandisha ubao juu yake, upande wa rangi ukaangalia mbingu, maana rangi ya mafuta haipitishi maji. Pembeni akaning'iniza khanga. Pakawa pakavu, padogo, pa kulala wawili wakijikunja. Nitasema kweli kuhusu Idara: plaiwudi ilikuwa nzuri.

Bi Zamoyoni akalala chali, akautazama ubao juu yake kama anayesoma maandishi ya upande wa pili.

"Mama, umependa hapa?"

"Hapa? Hapa sifi," alijibu ajuza. "Nitasubiri. Serikali imeamua kunipa umri mrefu."

Wakakaa hivyo siku kadhaa. Bi Sikudhani alishona kwa mkono vifungo vya watu wa sokoni, akapata ya unga. Hakulala vizuri hata mara moja. Gari likipita barabarani alikuwa ameshainuka.

Ndipo akaja kijana mmoja wa Halmashauri, koti la mvua, mkoba kwapani. Pikipiki yake aliiegesha ng'ambo ya uwanja, akaja akiruka madimbwi.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu. Una shida gani, baba?"

"Tathmini ya majengo mapya, mama." Alisimama juu ya jiwe, akakiangalia kile kipaa, na uso wake ukang'aa. "Jamani! Mwaka wa sita huu nakadiria nyumba kwa kubahatisha, hii ni ya kwanza kuniambia thamani yake yenyewe. Kwa tarakimu na kwa maneno! Na sahihi ya Naibu Waziri! Milioni ishirini na nane. Mama, hili ni jengo la daraja la juu."

"Hilo ni ubao, mwanangu."

"Lina paa?"

"Ubao ndio paa."

"Basi ni jengo. Mwenye nyumba ni nani?"

Bi Sikudhani alitaka kunyamaza. Akili ilimwambia anyamaze. Lakini tangu siku ya mnada amezunguka ofisi na ofisi akiambiwa yeye si mwenye nyumba, si mkazi, ni mpita njia, na leo serikali imekuja na miguu yake kumwuliza. Mgongo ukanyooka wenyewe.

"Mimi," alisema. "Mwenye nyumba ni mimi."

Kijana akaandika. "Hongera. Kodi ya mwaka utalipa kabla ya mwisho wa mwezi, mtandao ukiwepo. Ngoja nikachukue futi kwenye pikipiki, tupime ukubwa wake."

Alipogeuka tu, Bi Zamoyoni alikuwa ameshakaa kitako, anatafuta fimbo.

"Siku, shika huko mbele."

Bi Sikudhani aliingiza kichwa chini ya ubao, akauinua kutoka kwenye nguzo kama alivyozoea kubeba cherehani. Mama yake akashikilia nyuma kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine, mkeka na khanga kwapani. Wakavuka barabara hatua kwa hatua na paa lao, wakasimama ng'ambo, chini yake, hawalowi.

Kijana aliporudi na futi hakukuta nyumba. Alikuta nguzo nne na kipande cha ardhi kikavu chenye pembe zilizonyooka vizuri. Alikuwa amesoma chuo, akafundishwa kwamba jengo linaweza kuondoka lakini kodi haiondoki, hivyo hakubabaika. Akapiga magoti, akaanza kupima pale pakavu.

Lakini yalikuwa manyunyu, na maji yalikuwa yakiingia taratibu kutoka pembeni. Akipima urefu, akiandika, akirudi kupima upana, urefu umeshapungua. Akafuta, akapima upya. Pakawa padogo tena. Akaanza kuchuchumaa huku na kule, kisha kukimbia, kutoka pembe hadi pembe, futi inamzingira miguuni, karatasi zimelowa, akiomba mvua isubiri kidogo, dakika moja tu, amalize.

Bi Zamoyoni alicheka mpaka akashika mbavu. Bi Sikudhani hakucheka. Alisimama na ubao kichwani, shingo inamuuma, akamtazama yule kijana. Tangu nyumba yake iuzwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoiona serikali ya nchi ile ikifanya haraka kwa ajili yake.